Bigo bya Mugenyi: Boma la Mgeni Asiyekuwa Mgeni

Siku moja, katika somo la historia, nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu hapa Kisangani picha ya ngome moja ya Ulaya ya karne za kati: kilima, juu yake kuta za mawe, mnara, na mlango mmoja mwembamba. Kijana mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, wakati Wazungu walipokuwa wakijenga haya, babu zetu sisi walikuwa wakifanya nini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona usoni kwamba hakuuliza kwa mzaha. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kujijibu moyoni mwake: hawakufanya kitu.

Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia. Jibu lililo kamili zaidi naliandika leo, ili wazazi walisome pamoja na watoto wao.

Kwanza yatupasa kukumbuka jinsi nchi yetu ilivyo. Katika msitu wa Tshopo wazee wetu walijenga kwa miti, kamba, udongo na majani. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mchwa hawana likizo. Kijiji kikihamishwa leo, baada ya miaka michache msitu umekwisha kukifunika. Hata kama kilizungushiwa ua wa magogo yenye nguvu, magogo hayo huoza. Kinachobaki ni vigae vya vyungu chini ya ardhi, na mara nyingi kundi la michikichi katikati ya msitu, kumwambia apitaye kwamba hapa palikuwa na watu. Mwaka 2010 wataalamu wa Congo na wa Ubelgiji walifunga safari ya mtoni kutoka hapa Kisangani, safari iliyoitwa Boyekoli Ebale Congo. Miongoni mwao walikuwamo wachunguzi wa mambo ya kale, nao walikuwa wakitafuta vigae vya namna hiyo. Kwa hiyo kutoona ukuta si ushahidi kwamba hapakuwa na mji.

Lakini tukitaka kuona kwa macho kazi kubwa ya mikono ya Waafrika wa karne zile, hatuna haja ya kuvuka bahari. Yatosha kutoka msituni.

Safari ya mashariki

Shika barabara ya Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa, mpaka Bunia. Huko msitu umekwisha, na nchi ya majani na ng'ombe imeanza. Mpaka mwaka 2015 nchi ile ilikuwa pamoja nasi katika mkoa mmoja, Province Orientale, na Kisangani ndio uliokuwa mji wake mkuu. Wahema wa Ituri husimulia kwamba wanao ndugu ng'ambo ya Ziwa Albert, katika Bunyoro. Basi vuka ziwa hilo, ingia Uganda, kisha uelekee kusini mpaka Mto Katonga, mto wenye vinamasi na mafunjo mengi. Ukingoni mwake upande wa kusini, katika wilaya ya Sembabule, ardhi yainuka polepole kutoka kinamasini mpaka mgongo wa kilima. Mahali hapo ndipo paitwapo Bigo bya Mugenyi.

Msomaji wa Kiswahili atalielewa jina hilo bila mkalimani. "Bigo" ni wingi wa neno lenye maana ya boma au ngome. "Bya" ni "vya" yetu. Na "mugenyi" ni "mgeni". Neno hilo la "kigo" halikufa: Wakatoliki wa Buganda, wakitaja parokia yao, husema "ekigo" mpaka leo. Kwa hiyo jina zima ni Maboma ya Mgeni. Nawaomba mlikumbuke neno hilo la mgeni, maana tutarudi kwake.

Handaki katika mwamba

Atakayekwenda Bigo kutafuta kuta za mawe atarudi amekasirika. Hakuna hata moja. Kilichopo ni mahandaki, na kando ya mahandaki matuta ya udongo uliotolewa humo. Handaki la nje limezunguka mahali papana sana, likitoka mtoni na kurudi mtoni. Ndani yake, juu ya mgongo wa kilima, yapo maboma mengine yaliyoshikamana, na humo yapo matuta makubwa ambayo yadhaniwa kuwa makao ya mfalme. Ukiyaunganisha mahandaki yote, urefu wake wazidi kilomita 10. Mahali pengine kina chake chapita urefu wa watu wawili, na mahali pengine wachimbaji hawakuchimba udongo tu, bali walikata mwamba.

Nilipowaeleza hayo wanafunzi wangu niliwapa hesabu ya kufanya. Tuseme kila mita moja ya handaki ilitoa mita 10 za ujazo za udongo na mawe. Kwa kilomita 10 tutapata mita za ujazo 100,000. Mtu mmoja akichimba na kubeba mita moja ya ujazo kwa siku, watu 500 watafanya kazi siku 200. Hesabu hii ni ya kukadiria, tena ni ya upole, maana mahali pengi handaki ni kubwa kuliko hivyo. Na watu 500 wale walipaswa kulishwa kila siku. Wake zao walisaga nafaka, wahunzi walifua majembe na kuyanoa yalipovunjika meno juu ya mwamba, na palikuwa na mtu aliyepanga zamu na kuamua ugomvi. Palipo na handaki la namna hii, palikuwa na serikali.

Wala Bigo si peke yake. Kaskazini zaidi, karibu na mji wa Kakumiro, kipo kilima cha mwamba kiitwacho Bikekete, chenye mapango ndani yake, nacho kimezungukwa na mahandaki mfano wa duara moja ndani ya nyingine. Mahali hapo paitwa Munsa, na wenyeji husema maana yake ni mahali pa mahandaki. Yapo mengine Kibengo na Kasonko. Na mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Bigo upo Ntusi, mji wa kale usiokuwa na handaki, lakini wenye vilima viwili vya takataka za karne nyingi. Wenyeji hukiita kimoja kilima dume na kingine kilima jike.

Hadithi ya Wachwezi

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Ukiwauliza wazee wa Bunyoro, Toro na Nkore, watakujibu: Wachwezi. Yasimuliwa kwamba hao walikuwa wafalme wa nchi kubwa ya Kitara, watu wa ajabu, wenye hekima na ng'ombe wengi. Mkuu wao alikuwa Ndahura, na baada yake akatawala Wamala. Mmoja wao aliitwa Mugenyi. Alikuwa na ng'ombe jike aitwaye Bihogo, akampenda kupita kiasi, hata akaapa kwamba siku ng'ombe huyo atakapokufa, naye atajiua. Ng'ombe akafa. Ndugu zake wakamzuia asitimize kiapo chake, lakini furaha ikawa imekwisha katika nyumba ya wafalme.

Wakachinja ng'ombe ili waague. Walipompasua hawakukuta matumbo. Waaguzi wao wakanyamaza. Ndipo akaja mwaguzi mmoja kutoka nchi za kaskazini, akapasua kichwa na kwato, na humo akayatoa matumbo yaliyopotea. Akawaambia: utawala umewatoka, na sasa mtatangatanga. Basi Wachwezi wakaondoka, wasionekane tena, na kiti chao kikachukuliwa na ukoo wa Wabito waliotoka kaskazini. Mwaka 1947 John Nyakatura, mwana wa Bunyoro, aliziandika habari za wafalme wa nchi yake katika kitabu, na kwa hiyo hazitegemei tena kumbukumbu ya wazee peke yake.

Wapo watu mpaka leo wawaitao Wachwezi kama pepo na kuwatambikia. Mkristo hana haja ya kuwafuata katika hilo. Lakini pia hana ruhusa ya kuidharau hadithi ya watu, kana kwamba ni upuzi mtupu. Hadithi ni kama kigae: imevunjika, ina matope, lakini ilitoka katika chungu cha kweli.

Walimtafuta mgeni

Wazungu walipofika waliyaona mahandaki, wakastaajabu. Lakini wengi wao walikuwa wamekwisha kushika fikira moja kabla ya kuona lolote. John Hanning Speke, Mwingereza aliyepita katika falme zile, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba wafalme wa huko ni kizazi cha watu waliotoka Uhabeshi, na kwamba hao ndio walioleta utawala kwa watu wasioujua. Hakuwa na ushahidi wa kuchimbuliwa, wala wa maandishi. Aliwatazama watu nyuso na vimo, akatunga historia yao.

Fikira ile ilienea upesi. Kila palipoonekana jambo kubwa katika Afrika, mgeni alitafutwa wa kusifiwa kwalo. Vivyo hivyo ilikuwa kwa Zimbabwe Kuu, mji wa mawe wenye ngome yake juu ya kilima, huko kusini. Mjerumani Karl Mauch alipoufikia mwaka 1871 alisema ni kazi ya Malkia wa Sheba. Ilibidi aje David Randall-MacIver mwaka 1905, na Bibi Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, wachimbue na kuonyesha kwamba waliojenga ni Waafrika wenyewe. Hata hivyo wakuu wa Rhodesia hawakupenda neno hilo lisemwe wazi, mpaka nchi ilipopata uhuru mwaka 1980.

Si wote waliokwenda Bigo na jibu mkononi. Padri Julien Gorju, mmoja wa Mapadri Weupe, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa kwanza wa Burundi, aliishi miaka mingi Uganda na kuwasikiliza wazee. Mwaka 1920 alitoa kitabu kuhusu nchi zilizo kati ya maziwa ya Victoria, Albert na Edward, na humo mahandaki hayo yametajwa. Lakini kusikiliza peke yake hakukutosha. Ilibaki kuiuliza ardhi.

Ardhi ikaulizwa

Mwaka 1957 Peter Shinnie alichimbua Bigo, na mwaka 1960 akafuata Merrick Posnansky. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 Andrew Reid alichimbua Ntusi, na Peter Robertshaw akachimbua Munsa. Kazi yao si kama ya mwenye kutafuta dhahabu. Huondoa udongo tabaka kwa tabaka, huuchekecha, huandika kila kitu kilikutwa wapi na kwa kina gani.

Waliona nini? Mifupa ya ng'ombe, mingi sana. Mawe ya kusagia nafaka. Vyombo vya chuma. Huko Munsa, tanuru ya kuyeyushia chuma, shimo la kuhifadhia nafaka, na makaburi. Huko Ntusi, pembe za ndovu zilizochongwa, pamoja na ushanga wa kioo na kauri chache, vitu vilivyotoka mkono hata mkono mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Na kila mahali vigae vya vyungu, vyenye nakshi iliyofanywa kwa kuviringisha kamba ya majani yaliyosokotwa juu ya udongo mbichi.

Vigae hivyo ndivyo mashahidi wakuu. Nakshi ile ya kamba haikuja siku moja pamoja na wafalme wageni. Yaonekana katika nchi pana ya Maziwa Makuu tangu yapata mwaka 1000, yaani karne kadhaa kabla ya Bigo kuchimbwa. Huko Munsa pia yaonekana kwamba watu walikaa kilimani kabla ya mahandaki kuwapo.

Wanafunzi huniuliza miaka hiyo yajulikanaje. Kila kilicho hai, mti au mnyama, huingiza mwilini namna moja ya kaboni ambayo hupungua yenyewe. Kikifa, hakiingizi tena, na ile iliyomo huendelea kupungua kwa kipimo kisichobadilika: baada ya miaka 5,730 hivi, imebaki nusu. Basi kipande cha mkaa kutoka mekoni mwa kale kikipimwa, chaweza kutuambia mti wake ulikatwa zamani gani. Mikaa ya mahali hapa yatuambia kwamba Ntusi ulikuwa mji tangu karne ya 11, na kwamba mahandaki makubwa yalichimbwa kati ya karne ya 14 na ya 16. Ni wakati ule ule ambao Ulaya ilikuwa na ngome kama ile ya picha yangu.

Je, ilikuwa ngome kweli?

Wataalamu hawakubaliani katika kila jambo, nao hawaoni haya kusema hivyo. Askari akiitazama Bigo atasema: handaki la nje ni refu mno, lina mapengo mengi ya kupitia, nani ataweza kulilinda lote? Pengine lilikuwa la kuzuia ng'ombe wasitoke na wezi wasiingie, au la kuwazuia tembo wasile mashamba. Pengine mfalme alilichimbisha ili kila apitaye aone uwezo wake. Maboma ya ndani, yaliyo juu ya kilima, yafanana zaidi na ulinzi wa ikulu. Yawezekana sababu zote hizo zilikuwapo pamoja. Hata wazazi wetu walipozungusha ua nyumbani hawakuwa na sababu moja tu.

Jambo moja halina shaka: mahandaki yale ni kazi ya wakulima, wafugaji na wahunzi wa nchi ile ile. Simaanishi kwamba hakuna aliyehama. Watu wa Afrika wamehama sana, na Wabito wenyewe walitoka kaskazini. Lakini anayehamia hukuta watu, huoa kwao, hujifunza lugha yao, na mjukuu wake huchimba handaki pamoja na wajukuu wao. Boma laitwa la Mgeni, lakini majembe yalikuwa ya wenyeji.

Neno "mgeni" na sisi

Najua kwamba msomaji mmoja atanung'unika: "Mwalimu, kwa nini utusifie mambo ya Uganda?" Hapa Kisangani hatukusahau siku 6 za Juni 2000, ambapo majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana katika mitaa yetu, nasi tukawazika wafu wetu. Sitaki tusahau. Lakini majeshi ya mwaka 2000 si watu wa karne ya 15, na ukweli hauna pasi ya kusafiria.

Tena lipo jambo kubwa zaidi. Ile fikira ya Speke haikubaki vitabuni. Ilifundishwa mashuleni: hawa ni wageni waliozaliwa kutawala, wale ni wenyeji waliozaliwa kutumikishwa. Baadaye wengine waliigeuza: kwa kuwa ni wageni, na warudi walikotoka. Rwanda mwaka 1994 maneno hayo yalikuwa kinywani mwa wauaji. Ituri, tangu mwaka 1999, Wahema na Walendu waliuana, na wengi waliokimbia walifika mpaka kwetu. Wapo watoto wao katika madarasa yetu. Kwa hiyo nikimsikia mwanafunzi akimwita mwenzake "mgeni" kwa dharau uwanjani, sisemi kwamba ni mchezo wa watoto. Nalijua neno hilo limetoka wapi, na limefika wapi.

Uganda imeiweka Bigo katika orodha ya mahali inapopendekeza kwa UNESCO pahesabiwe kuwa urithi wa dunia nzima. Hata hivyo tuta la udongo ni kitu dhaifu. Mizizi hulipasua, kwato za ng'ombe hulikanyaga, jembe la mkulima hulisawazisha kwa msimu mmoja. Ukuta wa mawe ukianguka waweza kuinuliwa tena. Lakini tuta likilimwa limekwisha, na ushahidi wake umekwenda pamoja nalo.

Sasa namrudia kijana wa benchi la nyuma. Mwanangu, uliniuliza babu zetu walikuwa wakifanya nini. Wengine walikuwa wakikata mwamba ukingoni mwa Katonga. Wengine, hapa msituni, walikuwa wakipanda michikichi ambayo mpaka leo twakamua mafuta yake. Likizo hii nenda kwa babu yako, umwombe akutajie majina ya vijiji vyote ukoo wenu ulikokaa kabla ya kufika hapo ulipo, na nani waliwapokea kila mlikofika. Yaandike katika daftari, uniletee. Nadhani katika orodha hiyo utaona kwamba nyinyi pia, mara zaidi ya moja, mlikuwa wageni.